Maji ya Shingo ya Jembe

Mama yangu alikataa kuhamia mjini kwa miaka mingi, na sababu zake zilibadilika kila mara. Mwaka mmoja alisema Ruhuwiko, mtaa ninaoishi, kuna vumbi. Mwaka uliofuata akasema majirani zangu wanapita bila kusalimia. Mara akasema choo cha ndani kinamnyima usingizi, maana mtu mwenye akili hawezi kulala nyumba moja na choo. Mimi nilikuwa nimemjengea chumba. Niliweka kitanda kifupi asipate shida ya kupanda, na dirisha la kutazama migomba, kwa sababu anapenda kuona kitu cha kijani akiamka. Akaja, akakaa siku chache, akafagia uwanja mpaka nikaona aibu kuukanyaga, halafu akaomba nauli.

"Bustani yangu itakunywa nini?" aliniuliza, kana kwamba ni mimi niliyeipanda.

Bustani yenyewe iko bondeni, kijijini kwetu upande wa Madaba, kule ambako asubuhi ya Julai mtu anaongea huku anatoa moshi mdomoni. Mfereji unachepuka kutoka kwenye kijito juu huko, unashuka na bonde, unapita bustani moja baada ya nyingine. Mvua zikikata, watu wote wa bonde lile wanaishi kwa mfereji huo. Mama analima kabichi, chainizi, mnafu na maharage kidogo ya kula mabichi. Ni bustani ndogo, na goti lake la kulia limeshachoka, lakini ukimwambia apumzike anakuangalia kama umemtukania wazazi.

Mimi ninafundisha masuala ya maji katika chuo kimoja cha ufundi mjini Songea. Tunao mfereji wa vioo, mrefu kama chumba cha darasa, na kazi yangu ni kuwaonyesha wanafunzi jinsi maji yanavyokwenda: kina chake, mwendo wake na nguvu yanayobeba. Mama hajawahi kuelewa kwa nini nalipwa kwa hilo. Aliwahi kuwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anafundisha maji kutembea. Waliponisimulia nilicheka mpaka nikakaa chini.

Basi mwaka huu, kiangazi kikiwa kimekaza, akanipigia simu. Hakusalimia vizuri. Alisema, "Njoo. Wananiita mwizi."

Nilipanda gari siku hiyohiyo. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, nikiwapanga wale watu mmoja mmoja, nikiwaambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nina mdomo, sikatai. Mtu akimgusa mama yangu sioni haya tena.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikasema shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akanionyesha kigoda. Ndipo akanieleza, na mimi ninaeleza hapa kwa sababu asiyetoka bondeni kwetu hawezi kujua.

Kwetu maji ya mfereji yanapimwa kwa jembe. Kila mwenye bustani ana zamu yake ya kufungua tundu la kumwagilia. Siku isiyo yako unaliziba kwa tope na majani, maji yote yanapita kwenda kwa wenzako. Jirani wa chini akitaka kuhakikisha, anakwenda mpakani na kusimamisha jembe ndani ya mfereji, ncha ikigusa sakafu. Maji yakifika shingoni, pale bapa linapokutana na mpini, umempa haki yake. Yakiishia katikati ya bapa, umeyala. Na kuna mwiko mmoja: jembe linachovywa mpakani tu. Ukichovya jembe lako ndani ya bustani ya mwenzako umemwita mwizi mbele ya kuku wake, na hata mwenyekiti wa kikundi cha maji hathubutu.

Sasa jirani wa chini wa mama alikuwa amechovya, maji yakaishia katikati ya bapa. Akarudia kesho yake, vilevile. Tundu la mama lilikuwa limezibwa, kila mtu aliliona. Watu wa kikundi wakakagua ukingo kutafuta tundu la siri, wakapekua hadi kwenye matete, hawakupata kitu. Kutopata kukawa ndiyo kosa kubwa zaidi, maana watu walisema mama ni mjanja kuliko walivyodhani. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja.

"Na adhabu?" nikauliza, ingawa niliijua.

"Nitanyimwa zamu mpaka mvua zirudi."

Kiangazi kile, kunyimwa zamu maana yake ni kabichi kukauka zikiwa hazijafunga, na mnafu kuwa kuni. Maana yake ni mama kukaa kijijini bila kazi ya mikono yake. Sisi sote wawili tulijua.

Lakini kilichokuwa kinamchoma zaidi ni aliyemshtaki. Jirani wa chini ni mjane kama yeye, mwanamke niliyemwita mama mdogo tangu nijue kuongea. Wamezaa pamoja, wamezika pamoja. Wanakwenda jumuiya pamoja na kukaa benchi moja kanisani, na wanagombana mara kwa mara juu ya mbuzi au mbegu, halafu jioni mmoja anampelekea mwenzake majani ya maboga. Ugomvi wao ulikuwa kama chumvi, chakula chao hakikunoga bila huo. Huu sasa ulikuwa mwingine. Jumapili iliyopita mama mdogo alikuwa amekaa benchi la nyuma.

Mama aliweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sikiliza. Wakininyima maji, nafunga vitu vyangu, tunaondoka wote mpaka kwako. Sitasema neno. Lakini wakiniachia maji yangu, hutanitajia Ruhuwiko tena mpaka nife. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sema sawa."

"Sawa."

"Haya, kamata kisu kile kingine. Viazi haviwezi kujimenya."

Nilimenya viazi. Nilimtaka mama nyumbani kwangu, na sikumtaka kwa ustaarabu. Nilimtaka kwa uroho, kama mtoto anavyotaka kubebwa. Nilitaka kumsikia akikohoa chumba cha pili. Nilitaka anikaripie kwa chumvi iliyozidi. Kila simu inayolia usiku wa manane kwangu ni yeye ameanguka bondeni, mpaka nione ni mtu amekosea namba. Na sasa hapa, nikae kimya tu, ningempata.

Nikamuuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, "Kwa hiyo nikusaidie au nisikusaidie?"

"Wewe ni mwanangu au ni nani?" akajibu, akaendelea kumenya.

Asubuhi nilishuka bondeni kabla ya kikao cha kikundi cha maji, kilichoitishwa kuamua shauri la mama. Nilifuata mfereji kwenye kipande cha mama, na nilipofika karibu na mpaka nikaona maji yake yamejaa, yametuama, yanakaribia kugusa ukingo. Nikasema moyoni, yaani hata mimi ningemshuku. Halafu nikafika penyewe mpakani na kusimama.

Mama alikuwa ametandika mawe ndani ya mfereji. Mawe bapa, mapana, yamepangwa vizuri kama kizingiti, yakikata mfereji kutoka ukingo hadi ukingo. Nilielewa mara moja yalikuwa ya nini. Njia ya kwenda kwa mama mdogo inavuka hapo. Zamani mama aliruka. Goti lilipokataa kuruka, akajitengenezea pa kukanyaga.

Na nilielewa kingine, kwa sababu nimekiona kwenye vioo vyetu chuoni mara nyingi hata naweza kukichora nikiwa nimefumba macho. Ukiinua sakafu ya mfereji kiasi kile, maji hayawezi kupita yakiwa yamelala. Yanajikusanya kwanza nyuma ya mawe, yanapanda, mpaka yapate nguvu ya kuvuka. Halafu yanavuka yakiwa membamba na kuteremka upande wa pili kwa kasi, kina chake kidogo, mwendo wake mkali. Ni maji yaleyale, hayajapungua hata kikombe. Kisha hatua chache chini, ndani ya bustani ya mama mdogo, yanagonga maji yaliyotulia, yanaumuka na kutoa povu, nguvu yake ya ziada inaishia hapo kwenye vurugu, na mbele yake yanakwenda polepole tena, yamejaa kama kawaida. Mpaka wa bustani ulikuwa palepale kwenye mteremko mwembamba. Wale watu walikuwa wanachovya jembe mahali pabaya kuliko pote katika mfereji mzima.

Nilichuchumaa pale nikayaangalia. Mawe yake yalikuwa yamewekwa kwa uangalifu mkubwa, mianya yote imezibwa kwa udongo wa mfinyanzi ili yasicheze. Aliyapanga mtu anayetaka kwenda kwa rafiki yake bila kuanguka. Machozi yalinitoka kidogo, nikayafuta kwa kanga, maana nilisikia watu wanakuja.

Mwenyekiti alikuja amevaa koti la suti na buti za mpira. Ni mzee mpole, anayeongea kama anaogopa kuyaamsha maneno. Alianza na Baba Yetu, tukaitikia sote, mshtaki na mshtakiwa pamoja. Mama mdogo alisimama ng'ambo ya mfereji na jembe lake begani. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama mdogo." Akasema, "Marahaba," akaangalia pembeni. Nyuma yake nikaziona kabichi zake.

"Kabichi zako mbona zimenona, mama mdogo?" nikasema. "Mtu anayeibiwa maji?"

"Nazimwagilia kwa ndoo," akasema. "Mikono yangu hii."

Watu walitazama mikono yake. Mwenyekiti akaniomba nitulie. Kisha jembe likachovywa mpakani mbele ya wote, na maji yakaishia katikati ya bapa kama alivyosema. Mama alikuwa amesimama upande wangu ameshika fimbo, uso umekauka.

Nikaomba kusema. Nikawaambia kina si ujazo. Nikawaambia mwendo nao unahesabiwa. Nilipoona nyuso zao zimefunga, nilivua kanga yangu begani, nikawaambia, tazameni: nguvu ya maji ni kama mtu mwenye kanga moja. Akivuta ifunike kichwa, miguu inabaki wazi. Akifunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Kanga haijapungua. Maji nayo yana nguvu ileile; yakiitumia kwenye kina, yanatembea polepole, yakiitumia kwenye mwendo, kina kinapungua. Hapo juu ya mawe yamefunika miguu, yameacha kichwa wazi.

Mwanamke mmoja akasema kanga ni nzuri, nimeinunua wapi.

Hapo nilikasirika. Nilisema maneno ya darasani, niliinua sauti, nilimwambia mwenyekiti kwamba jembe ni la kulimia, si la kupimia. Mama akanivuta mkono. "Nyamaza," akasema. "Unanitia aibu kuliko wao." Nikanyamaza, nikiwa nimevimba.

Mwenyekiti akachuchumaa, akayatazama mawe. Kisha akasema, kwa upole wake ule, kwamba jambo ni rahisi. Kama binti anasema mawe ndiyo yanaleta neno, basi yatolewe, jembe lichovywe tena. Yakifika shingoni, mama hana kosa. Watu wakasema hayo ndiyo maneno. Hata mimi niliona ni haki. Mawe yakitoka, maji yangelala sawa na jembe lingezama mpaka shingoni, na mambo yangekwisha.

"Siyatoi," mama akasema.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini, kama hana la kuficha.

"Siyatoi, na mtu asiyaguse. Niliyabeba mwenyewe kutoka kijitoni, moja moja. Mkiyatoa mtayavunja mpangilio, na mimi sina mgongo wa kuyapanga tena."

"Kwa hiyo uko tayari kupoteza maji?"

"Ninyimeni hayo maji," akasema. "Lakini mawe yangu yabaki. Nikiyatoa, kwa huyu nitavuka wapi?"

Alionyesha ng'ambo kwa kidevu. Mama mdogo alikuwa ameacha kuangalia pembeni.

Ninajua nilichokuwa nacho wakati ule. Mama alikuwa ameshasema mwenyewe, mbele ya watu. Kikao kilikuwa kimekwisha, nisipofungua mdomo. Jioni tungekuwa barabarani, mama na furushi lake na kuku wawili ambao asingekubali kuwaacha, na kesho yake ningeamka nikimsikia anafagia uwanja wangu. Nilimtazama. Alikuwa amejishikilia kwenye fimbo, mdogo kuliko nilivyokuwa nikimkumbuka, akilinda mawe ya kumpeleka kwa mtu aliyemwita mwizi. Ningempeleka mjini nani? Aliyekuwa amesimama pale angebaki palepale, mimi ningeondoka na goti bovu tu.

"Mama mdogo," nikasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Mimi siwezi kuchovya jembe kwako. Mwenyekiti hawezi. Ila wewe hukatazwi kuchovya jembe lako kwenye maji yako. Nenda pale chini, ukishapita lile povu, panapotulia. Chovya."

Aligeuka, akatembea kando ya mfereji wake, akapita pale maji yanapoumuka, akaenda mbele kidogo. Akasimamisha jembe. Sisi wa ng'ambo hatukuweza kuona vizuri. Aliliacha jembe pale muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akainama na kushika mpini chini kabisa, kama mtu anayehakikisha kwa mkono kitu ambacho macho yamekataa. Alipoinuka, jembe lilikuwa limelowa lote na mkono umelowa nalo.

"Shingoni," akasema.

Mwenyekiti akavuka kwa mawe ya mama kwenda kuona. Na wengine wakavuka, mmoja mmoja. Mama mdogo hakuwasubiri. Alirudi hadi mpakani, akasimama mbele ya mama, mawe yale na maji membamba katikati yao.

"Hukuniambia ni ya goti," akasema.

"Hukuuliza. Ulikuja na jembe."

"Nilidhani unajijengea bwawa."

"Bwawa la nini, nifuge mamba?"

Mama mdogo alicheka kwanza, akajizuia, akacheka tena. Nikajua yamekwisha. Kikao kiliendelea bila wao. Mwenyekiti alitangaza kwamba mama hana kosa, na kwamba kwenye mpaka ule jembe litachovywa panapotulia, baada ya povu, na mama mdogo atachovya mwenyewe. Kuhusu kanga yangu hakuna aliyesema kitu, na hadi leo sina hakika kama kuna mtu aliyeielewa.

Mchana tulikula kwa mama mdogo, ugali na mnafu. Alikuwa ameshasikia habari ya Ruhuwiko, sijui kutoka kwa nani, na alinisubiri ninawe mikono.

"Kumbe tungemnyima maji ungemchukua."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na mimi ungeniacha na nani? Na hawa mbuzi?"

"Wewe ndiye uliyemshtaki."

"Nilimshtaki, sikusema aondoke," akasema, kwa hasira ya kweli kabisa. "Ninyi watoto wa mjini mnadhani mtu akigombana amechoka. Bora jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ndugu mwenyewe ni wewe."

Mama aliendelea kumega ugali. Hakunitetea hata kidogo.

Nilirudi Songea siku iliyofuata na kabichi mbili na maboga ambayo sikuyaomba. Kituoni mama alinishika mkono kwa nguvu, akaushikilia, halafu akasema nisisahau kuvaa sweta. Sikumtajia kwangu. Nilikuwa nimesema sawa, na mama yangu si mtu wa kuambiwa sawa ya kuchezea.

Wiki iliyofuata chuoni niliwaonyesha wanafunzi yaleyale kwenye mfereji wa vioo. Niliweka kizingiti, maji yakapanda nyuma yake, yakavuka membamba, yakaumuka chini. Mwanafunzi mmoja akauliza, mwalimu, hii inasaidia nini katika maisha? Nikawapa mapumziko mapema. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi na kumpigia mama, maana nilimkumbuka, na nilitaka tu kusikia sauti yake.

Iliita sana. Alipopokea nilisikia majani, na upepo, na mtu mwingine anacheka karibu yake.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje? Goti je? Mimi huku nilikuwa nakuwaza, nikasema—"

"Mwanangu," akasema, "nipigie baadaye. Nimefungua tundu, na maji yamefika."

Akakata.